Mkono Nyuma ya Injini

Mkono wa kulia wa Vidole ulikuwa umezama nyuma ya injini karibu mpaka begani. Shavu lake lilikuwa limelala juu ya taulo kuukuu lililotandikwa ubavuni mwa gari, na macho alikuwa ameyafumba. Kwa kazi ile macho hayakuwa na faida. Mahali penyewe hapaonekani hata uiname vipi: ni kijinafasi kati ya mgongo wa injini na ukuta wa bodi, chini ya mabomba ya hewa, ambako waliolibuni gari lile la spoti miaka thelathini iliyopita waliamua kuichomeka sensa ya joto, kile kifaa kinachopima joto la injini, kisha wakaenda zao kula. Huko unakwenda kwa kupapasa tu, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.

Vidole vyake viwili vikaifikia sensa. Vikaizunguka. Vikasimama.

"Nani ameigusa hii?"

Aliuliza taratibu, macho bado amefumba. Upande wa pili wa boneti Daktari, aliyekuwa ameshika tochi, akakohoa.

"Ipi?"

"Mpenzi, mkono wangu uko ndani ya gari la mama yako, na nimeshika kitu kimoja tu. Hichohicho."

Daktari akaihamisha tochi kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

Jina la Vidole lilikuwa la utani, na alilipata kwa haki. Katika gereji ya mjomba wake mafundi wote walikuwa na mikono kama mikate ya boflo, nati ikidondoka mahali pabaya walisimama kuizunguka kama waombolezaji, mpaka mmoja aseme, "Mwiteni Vidole." Akaja yeye na mikono yake mirefu myembamba, akaitoa. Watu walidhani ni mikono tu. Hawakujua miaka mitatu ya masomo ya jioni ya umeme wa magari, akisinzia juu ya daftari, akiamka, akisinzia tena.

Miezi minane iliyopita Daktari alikuja na gari lile, zambarau iliyofifia, milango miwili, mali ya marehemu baba yake, linalotunzwa na mama yake kama yai. Lilikuwa linatoa moshi mweusi, na likishapata moto halikubali kuwaka tena. Gereji tatu zilikuwa zimelishindwa. Zote tatu zilibadilisha sensa ya mbele, ile inayosukuma mshale wa kwenye dashibodi, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Vidole aliinama nyuma, akanusa bomba la moshi, akasema, "Gari lako linaungua huku linajidhani lina baridi. Ndiyo maana linazidi kunywa mafuta. Sensa inayozungumza na kompyuta ya injini ni nyingine, na imejificha."

Siku ile kazi ilichukua saa nne. Daktari, ambaye kazi yake ilikuwa kutibu meno, alisubiri zote. Alipomwona anahangaika kuona kule nyuma, alitoa mfukoni kile kioo kidogo cha mpini mrefu cha kukagulia mdomoni, akamkabidhi. "Hata mimi," akasema, "riziki yangu ni kutafuta matobo gizani." Vidole akacheka mpaka spana ikamponyoka. Kicheko kile ndicho kilichowaponza wote wawili.

Na sasa ilikuwa imebaki siku nne tu kabla ya Jumamosi. Jumamosi mama yake Daktari, pamoja na baba yake mdogo, yule mzee mkali ambaye hata mbwa wa mtaani walimpisha njia, wangefika nyumbani kwao Vidole kumposa.

"Nakuuliza tena," alisema Vidole. "Kazi yangu naijua. Mimi niliweka washa mpya ya shaba, ile pete ya kuzuia maji, nikaifunga sensa kwa vidole, kisha robo mzunguko ya spana, basi. Sasa hapa nagusa gundi. Gundi, Daktari! Plagi ya waya wake ina ufa unaopitisha ukucha. Na pembe za nati zimetafunwa na koleo. Nani?"

"Profesa."

Vidole akafumbua macho. Hakuwahi kumwona Profesa, alisimuliwa tu habari zake. Ndiye fundi wa familia ya kina Daktari tangu zamani, rafiki wa marehemu, aliyepewa jina hilo kwa sababu akianza kueleza tatizo la breki anaanzia siku gurudumu lilipobuniwa.

"Profesa alifuata nini huku?"

"Mama alimpelekea gari abadilishe oili. Kwa ajili ya Jumamosi."

"Oili iko chini, sensa iko nyuma. Mtu anayebadilisha oili hafiki huku hata akipotea njia."

"Mama alimwambia..." Daktari akaishusha tochi. "Alimwambia, 'Na pale ulipopatengeneza ile siku, hebu pakaze-kaze tena.'"

Upande wa pili wa uwanja kulikuwa na mtu anagonga bampa. Kugonga kule kukakoma. Alikuwa Mjomba, na Mjomba hakuwa mtu wa kukosa habari iliyokuwa inapita karibu na masikio yake.

"Pale ulipopatengeneza," Vidole akarudia, neno kwa neno. "Nani alipatengeneza, Daktari?"

"Wewe."

"Nimesikia. Sasa mbona anaambiwa Profesa?"

"Nilisema ni Profesa. Siku ile ya kwanza." Sauti ya Daktari ilikuwa imeshuka mpaka kwenye viatu. "Nilifika nyumbani gari linanguruma kama jipya, Mama akatoka mlangoni ameshika mdomo kwa furaha. Akauliza, 'Profesa amelipatia?' Nikaitikia tu. Vidole, siku ile nilikuwa sijui hata unakaa wapi."

"Siku ile nakusamehe. Na kesho yake?"

"Kesho yake Mama alikuwa keshampigia simu kumshukuru."

"Profesa akasema nini?"

"Akasema, 'Karibu tena, shemeji.'"

Mjomba akashindwa kujizuia. "Kumbe huyo ni profesa kweli!"

"Mjomba, usiingilie."

"Siingilii, mjomba. Nagonga bampa langu."

Lakini hakugonga.

"Kwa hiyo miezi minane," Vidole alisema, na kila neno lilitoka kama msumari, "miezi minane kwenu mimi sijawahi kuligusa gari hili. Anasifiwa mtu ambaye hata hajui sensa iko wapi. Anaona aibu kukana. Mwisho anatumwa aikaze-kaze, anaingiza koleo mahali ambapo panya angeomba ramani, anaivunja. Na wewe unaniletea mimi niitengeneze tena. Kimyakimya."

"Sijasema kimyakimya."

"Hujasema. Umekuja saa nane mchana, mama yako akiwa amelala."

Daktari akatazama chini. Alikuwa na kope ndefu yule bwana, na akitazama chini hivyo moyo wa Vidole ulikuwa na tabia ya kulegea. Leo uliambiwa ukae sawa.

Akanyoosha mkono wa kushoto bila kumtazama. "Nipe racheti. Na ile soketi ya pembe sita, si ile ya kumi na mbili, itateleza. Naitengeneza kwa sababu gari halijanikosea kitu."

Alikwisha kulingoja lipoe saa nzima, akapunguza maji ya rejeta mpaka yashuke chini ya tundu la sensa. Sasa akaingiza soketi kwa njia ileile ya mkono, akaipachika juu ya zile pembe zilizoliwa, akavuta. Haikwenda. Akavuta tena, meno ameyauma, mishipa ya shingo imesimama. Ikalia *kakaa!* ikalegea. Maji ya uvuguvugu yaliyobaki yakamtiririka mkononi mpaka kwenye kiwiko.

Daktari akachukua kitambaa upesi, akamfuta. Alimfuta taratibu, kama anavyomfuta mtoto mdomo baada ya kumng'oa jino.

"Usiniguse. Shika tochi."

Akaondoa mkono. Kilichomuudhi Vidole kuliko yote ni kwamba ngozi yake ilikuwa imeutambua mkono ule kabla akili haijaukataza.

Akaitoa sensa mbovu, akaisafisha gundi ya Profesa tundu zima kwa kitambaa kilichosokotwa kwenye bisibisi, akaichukua sensa mpya na washa yake. Ilikuwa ya mwisho katika duka pekee lililokuwa nayo. Akaurudisha mkono kule nyuma, sensa imebanwa kwenye ncha za vidole viwili. Hapa ndipo penye roho ya kazi. Uzi wa kwanza ukishika upande, unaharibu kichwa cha injini chenyewe. Ukiiachia, inadondokea nyuma ya gia, na hutaiona mpaka siku ya kiama. Unaizungusha kinyume kwanza, polepole, mpaka usikie imekaa mahali pake, ndipo unageuza kwenda mbele.

Alikuwa anaizungusha kinyume Daktari aliposema, "Kuna jambo moja la Jumamosi."

"Sasa hivi?"

"Nasema sasa hivi kwa sababu huwezi kuondoka."

"Lo!" Mjomba akaacha bampa kabisa, akakalia tairi. "Mwenzetu anamng'oa simba jino bila ganzi."

Daktari akavuta pumzi. "Mama akikuuliza unafanya kazi gani... Mimi nilimwambia uko kwenye mambo ya magari. Yeye akaelewa ofisini. Duka la vipuri, kuandika risiti, vitu kama hivyo. Sasa kama unaweza, kwa siku hiyo moja tu, usimsahihishe. Tukishamaliza tutamweleza polepole."

Vidole vya Vidole, vile vya kweli, viliendelea kuzungusha kule gizani, kwa sababu havikuruhusiwa kukasirika.

"Polepole mpaka lini?" aliuliza. "Mpaka nizae? Mtoto akiniuliza, 'Mama, mbona kucha zako nyeusi,' nimwambie ni wino wa risiti?"

"Si kwamba nakuonea aibu."

"Basi ni kitu gani? Mimi nimezoea kutambua vitu kwa kuvigusa, Daktari, na hiki nikikigusa ni aibu tupu. Ina pembe zote za aibu."

"Ni woga," akasema Daktari. "Tangu Baba afariki, gari hili ndilo Mama analozungumza nalo. Nimemsikia. Anakaa ndani asubuhi, anazungumza. Nikimwambia kwamba nilimdanganya kuhusu gari hili, na kwamba mwanamke ninayetaka kumwoa ndiye... Niliona bora kwanza akupende."

"Ampende nani?" Sauti ilimpanda Vidole, lakini bega halikutikisika. "Ampende yule wa risiti! Huyo simjui. Huyo hakuchubuka mkono kwa ajili ya gari la baba yako. Jumamosi mtakuja kwetu, mtakaa kwenye viti vyetu, mama yangu atawaandalia chai, kisha mtamposa mtu ambaye hayupo. Na mimi nikae pembeni nimevaa gauni lake!"

"Mficha uchi hazai," Mjomba akasema hewani, kwa faida ya yeyote.

"Vidole, nakupenda."

"Najua unanipenda! Ndilo linaloniudhi! Ungekuwa hunipendi ningekutoza bei ya wageni nikakuaga. Unanipenda hapa, nyuma ya boneti. Watu wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wewe umekunywa dawa gani, mwenzangu, miezi minane hujakohoa hata mara moja mbele ya mama yako?"

Kule nyuma sensa ikakaa mahali pake. Aliisikia kwenye ncha za vidole kama mlango unaofungwa vizuri. Akageuza kwenda mbele: mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Robo ya spana. Akachomeka plagi mpya mpaka ikalia *ta*, kisha akautoa mkono. Ulikuwa umechubuka kutoka kifundo mpaka kiwikoni, mistari myekundu kama ya paka.

Daktari akauona, akafungua mdomo.

Na hapo ndipo teksi iliposimama langoni.

Aliyeshuka alikuwa mama mwembamba aliyenyooka, gauni limepigwa pasi likakata, mkoba umening'inia kwenye kiwiko. Hakumlipa dereva mpaka alipomaliza kuutazama uwanja mzima. Kisha akatembea moja kwa moja mpaka kwenye gari, akauona ule mdomo wa boneti ulioachama, akaweka kiganja juu ya bati kama mtu anayempima mtoto homa.

"Shikamoo, Mama," akasema Vidole.

"Marahaba, binti." Hakumtazama. Alimtazama mwanawe. "Nilikuwa nimelala. Nimeamshwa na simu. Ya nani? Ya Profesa. Analia. Mtu mzima, ana wajukuu, analia kwenye simu: 'Shemeji, nimelivunja gari la ndugu yangu. Shemeji, mimi sikuwahi kulitengeneza hata ile mara ya kwanza. Nilikuwa nasifiwa tu, nikashindwa kukataa.' Natoka nje, gari halipo. Namuuliza jirani, ananiambia limeelekea huku."

"Mama, ngoja nikueleze."

"Sihitaji hadithi. Nina swali moja. Nani alilitengeneza gari la baba yako?"

Kijiredio cha pale kwenye benchi mtu alikizima. Vidole alisimama na kitambaa mkononi, akamtazama Daktari, na hasira yake yote ikasogea pembeni kidogo kupisha. *Sema*, aliwaza. *Neno moja tu. Sema, nikusamehe hata ya risiti.*

Daktari akamtazama yeye. Akamtazama mama yake. Akalamba midomo.

"Ni hapa, Mama. Gereji hii."

"Gereji haina mikono."

"Ni... Mjomba hapa. Mjomba na watu wake."

Vidole akahisi kitu kinamdondoka ndani, mahali ambapo hata yeye asingeweza kukifikia.

"Mimi?" Mjomba aliinuka kwenye tairi. "Daktari, mimi na wewe tumekula pamoja, lakini hapo hapana." Akaja mpaka mbele ya yule mama, akainua viganja vyake vyote viwili, vipana, vidole vinene kama ndizi. "Shikamoo, dada yangu. Tazama mikono hii. Halafu tazama kile kijinafasi kule nyuma. Ningekuwa nimeingia kule, leo ningekuwa bado nipo ndani."

Yule mama akatazama viganja. Akatazama nyuma ya injini. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamtazama Vidole. Akampandisha na kumshusha, na macho yakaishia kwenye ule mkono wenye mistari myekundu, maji ya rejeta bado yanadondoka kwenye kiwiko.

Vidole alirudisha bomba la hewa, akakaza vibano vyake, akajaza maji ya rejeta, akaingia ndani, akawasha.

Gari likanguruma. Akaliacha lipate moto, akashuka, akasimama kando, mikono ameifunga kifuani. Dakika kumi zilipita hivyo, watu wanne wamelizunguka gari kama jamaa walioitwa kusikiliza wosia. Mshale ulipanda mpaka katikati. Feni ikaingia, ikavuma, ikazimika. Nyuma, bomba halikutoa moshi wowote wa kuonekana. Ndipo Vidole akalizima.

"Mama, ingia uliwashe mwenyewe," akasema. "Sasa lina moto. Likikataa, nimekosea."

Yule mama akaingia, akaweka mkoba kwenye kiti cha pembeni, akageuza ufunguo. Liliwaka kabla ufunguo haujafika mwisho. Alikaa mle ndani, mikono kwenye usukani, midomo inatikisika kidogo, na kama alikuwa anamwambia mtu kitu, hakuna aliyesikia. Alipotoka alikuwa amekauka tena.

"Ni wewe."

"Ni mimi, Mama. Ile siku na leo."

"Umejifunza wapi?"

"Kwa Mjomba hapa mchana, na darasani jioni."

"Na mwanangu unamjua tangu lini?"

"Tangu siku hiyohiyo. Mimi ndiye wa Jumamosi."

Macho ya yule mama yakatoka. "Wewe ndiye wa duka la vipuri?"

"Sijawahi kuuza hata nati moja, Mama."

Daktari akasogea. "Mama, kosa ni langu."

"Nyamaza. Ulipewa nafasi yako dakika kumi na tano zilizopita, ukaitema." Akamgeukia Vidole. "Nisikufiche, binti. Mimi na shemeji yangu, baba yake mdogo, tulimtakia huyu mke wa namna nyingine. Mwenye mikono laini, anayekaa kivulini. Ningeambiwa tangu mwanzo kwamba ni fundi wa magari, ningekataa. Ningekataa mchana kweupe."

Mjomba akaguna. Lakini Vidole, kwa mshangao wake mwenyewe, alihisi anapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu saa nane.

"Na mimi ningependa kukataliwa hivyo, Mama," akasema. "Kukataliwa mimi mwenyewe, na mikono yangu, kuliko kupokelewa kwa jina la mtu wa risiti. Wewe unanikataa mbele yangu. Huyu ananipenda nyuma yenu. Kati ya nyinyi wawili, anayenitukana ni yeye."

"Vidole..." Daktari alisema.

"Usiniite." Sauti ilimkatika, akaisaga, akaendelea. "Jumamosi, Mama, ukitaka kuja, njoo. Mama yangu atakuandalia chai, utakaa kitini, utanihoji. Ukitaka kuja kunikataa, njoo unikatae, wakubwa wangu watakusikiliza. Lakini huyu asije. Asikanyage kwetu mpaka ajue anakuja kumposa nani."

Mwanamke yule alimtazama kwa muda mrefu. Akafungua mkoba, akaufunga, kama aliyesahau alichotaka humo.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne asubuhi."

"Mama, mimi je?" akasema Daktari.

"Namuuliza mwenye nyumba." Akaingia garini, akafunga mlango, akashusha kioo. "Nimezaa daktari wa midomo ya watu, kumbe mwenyewe hana mdomo."

Akaliingiza gia, akatoka nalo langoni taratibu, bila moshi, bila kukohoa, mpaka likakata kona.

Daktari alibaki katikati ya uwanja na tochi mkononi, bado inawaka mchana wote ule. Mjomba alimfuata, akaichukua, akaizima.

"Betri hizo," akamwambia kwa upole.

"Mjomba, nifanyeje?"

"Mimi nagonga mabampa, mwanangu."

Vidole alikuwa amekwishawapa kisogo. Alikwenda kwenye kigari cha muuza mkate kilichokuwa kinasubiri plagi zake, akafungua boneti kwa nguvu zaidi ya iliyohitajika, akajitumbukiza. Hakutaka mtu amwone uso. Alisikia hatua za Daktari zikielekea langoni. Alizijua hatua zile, ya kushoto nzito kidogo kuliko ya kulia, na kila moja ilimkanyaga. Aende. Aende na woga wake. Akaupangie chumba.

Hatua zikasimama.

"Baba mdogo? Shikamoo." Daktari alikuwa anapiga simu.

Vidole akakaza spana bila kugeuza kichwa.

"Hapana, si habari ya saa za Jumamosi. Ni habari ya gari la Baba." Sauti ya Daktari ilikuwa inatetemeka, lakini ilikuwa kubwa, ya mtu anayetaka isikike ng'ambo ya barabara. "Si Profesa aliyelitengeneza. Hakuwahi... Ndiyo, nilisema ni yeye. Nilidanganya. Mimi, si Profesa... Ngoja, Baba mdogo, unifokee nikimaliza. Ni mchumba wangu. Huyohuyo. Hapana, hafanyi kazi dukani, hiyo nayo nilidanganya. Ni fundi... Ndiyo, mwanamke. Ndiyo, anavaa ovaroli. Anachafuka, ndiyo, mpaka kwapani. Niko hapa gerejini kwao sasa hivi, watu wote wananisikia."

Na kweli, watu wote walikuwa wanasikia. Mafundi wawili walikuwa wamesimama na tairi katikati yao wamesahau kuliweka chini. Kutoka kwenye ile simu ilisikika sauti ya mzee ikipasuka kama puto, ikitaja marehemu, ikitaja ukoo, ikitaja akili.

Daktari hakuishusha simu.

"Nimesikia, Baba mdogo. Usipokuja Jumamosi, nitaelewa. Hata mimi sijaruhusiwa kuja. Lakini gari ni yeye. Yeye ndiye aliyelitengeneza."

"Mara mbili!"

Ilitoka chini ya boneti ya kigari cha mkate, kali, yenye machozi na hasira bado ya moto.

Mjomba akauma nyundo yake asicheke.

"Mara mbili, Baba mdogo," akasema Daktari. "Ndiyo. Huyo uliyemsikia."